Kalibu ya Risasi Nayo Iandikwe Kwenye Kibali

Udhibiti wa silaha katika nchi zetu umejengwa juu ya bunduki. Bunduki ndiyo inayogongwa namba, ndiyo inayokusanywa vijijini na kuchomwa moto hadharani mbele ya kamera. Risasi hutajwa pembeni, kana kwamba itaifuata bunduki yenyewe tu. Lakini anayefahamu maisha ya wafugaji wa Turkana, Pokot na Karamoja anajua kwamba bunduki moja hurithiwa na baba, mwana na mjukuu, na kwamba AK iliyotengenezwa miaka ya 1970 bado inalia leo. Kinachokwisha ni risasi. Kila inapopigwa moja lazima itafutwe nyingine, na hapo ndipo serikali inapopata nafasi ya kuona nani anauza, nani ananunua na kwa ajili gani. Nafasi hiyo tunaiacha ipotee. Tutaipata pale tu tutakapoidhibiti risasi pamoja na sehemu zake zote, mpaka vifaa vya kuijaza upya nyumbani, zikiwemo kalibu ambazo wengi wetu hatujawahi kuziona kwa macho.

Tuanze na kitu chenyewe. Risasi moja ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki, yaani kile kidude kidogo cha kulipuka kinachokaa kitakoni mwa ganda na kugongwa na pini, baruti, na kichwa kinachoruka. Bunduki ikilia, fataki na baruti huungua na kichwa huenda zake. Ganda hubaki, limevimba kidogo kwa nguvu ya gesi, lakini ni zima. Huko Marekani wawindaji na wapiga shabaha wengi huyaokota maganda yao, wakayabeba hadi nyumbani na kuyajaza upya kwenye meza ya karakana kwa mashine ndogo ya mkono yenye wenzo. Moyo wa mashine hiyo ni kalibu, kipande cha chuma kigumu chenye tundu lililochongwa kwa kipimo cha kaliba maalumu. Kalibu ya kwanza hulibana ganda lirudi kwenye umbo lake na papo hapo huisukuma nje fataki iliyokufa. Nyingine hukipachika kichwa kipya mahali pake. Kampuni kama Lyman, iliyoanza mwaka 1878, na RCBS, iliyoanzia Oroville, California, mwaka 1943, zimejipatia jina kwa vifaa hivi, na mnunuzi huvichukua dukani kama anavyochukua nyundo na bisibisi. Sheria ya shirikisho ya Marekani humdai leseni anayetengeneza risasi za kuuza. Anayejitengenezea mwenyewe haulizwi kitu.

Hata uchaguzi wa kalibu una uzito kuliko unavyoonekana. Zipo zinazobana shingo ya ganda peke yake, pale kichwa kinaposhikwa, na kuliacha tumbo la ganda na umbo lililochukua ndani ya chemba ya bunduki iliyolipiga. Ganda la namna hiyo huikaa vizuri bunduki ile ile, na wapiga shabaha wa masafa marefu wameipenda njia hii kwa miaka mingi kwa sababu shaba haichoki haraka. Likipelekwa kwenye bunduki nyingine ya kaliba hiyo hiyo, huenda likagoma kuingia. Zipo pia kalibu zinazobana ganda zima, toka shingoni hadi karibu na kitako, na kulirudisha kwenye kipimo cha kiwandani. Risasi inayotoka humo imekusudiwa kuingia katika bunduki yoyote ya kaliba hiyo, ikiwemo ile inayojikoki yenyewe, ambayo haivumilii ganda lililonenepa. Sisemi kwamba mwenye kalibu ya ganda zima ni mhalifu. Walio wengi wanaichagua kwa sababu ni salama na haiwasumbui porini. Ninachosema ni kwamba kifaa hiki kina uhusiano wa moja kwa moja na kaliba fulani, na mara nyingine na bunduki moja fulani, kwa hiyo kinaweza kuandikwa kwenye kibali kama bunduki yenyewe inavyoandikwa: mtu huyu, silaha hii, kalibu ya kaliba hii. Hakuna ugumu wowote wa kitaalamu hapo.

Kwa nini tuhangaike kiasi hicho? Kwa sababu ganda ni shahidi. Kitakoni mwake kiwanda hugonga chapa, na anayejua kuisoma hujua limetoka wapi, na mara nyingi mwaka gani. Mwaka 2008 taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey, yenye makao Geneva, ilichapisha uchunguzi wa risasi zilizokuwa mikononi mwa raia katika Turkana Kaskazini. Watafiti walisoma chapa za maganda. Wakakuta kwamba karibu nusu ya risasi zilizozagaa huko kinyume cha sheria zilitengenezwa Kenya kwenyewe, katika kiwanda cha serikali kilichoko Eldoret, na wakaeleza kwamba polisi walikuwa wakiwapa Waturkana risasi ili wajikinge na wavamizi kutoka ng'ambo ya mpaka. Mazungumzo ya silaha haramu katika eneo hilo yamezoea kuelekeza kidole Sudan, Somalia na Uganda. Chapa ndogo kitakoni mwa ganda ilirudisha kidole nyumbani. Bunduki zenyewe zisingeweza kusema hivyo, kwa kuwa zimepita mikono mingi mno na nyingi hazina kumbukumbu yoyote.

Brazil ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya silaha ya mwaka 2003 iliagiza kwamba risasi zinazouzwa kwa vyombo vya dola zigongwe namba ya fungu, ili ganda likiokotwa mahali pa uhalifu lijulikane liliuzwa kwa nani. Machi 14, 2018, diwani Marielle Franco na dereva wake Anderson Gomes waliuawa kwa risasi jijini Rio de Janeiro. Maganda yaliyookotwa yalikuwa na namba ya fungu UZZ-18, lililouzwa kwa Polisi wa Shirikisho mwaka 2006. Maganda ya fungu hilo hilo yalikuwa yameshaokotwa mwaka 2015 katika mauaji ya halaiki ya Osasco, jimbo la São Paulo. Kwa hiyo nchi nzima ilijua ndani ya siku chache kwamba risasi zilizomuua diwani zilinunuliwa na serikali. Haikuweza kujua zaidi ya hapo, kwa sababu kanuni ya jeshi ilitaka kila fungu liwe na risasi 10,000, lakini fungu hili lilikuwa na zaidi ya milioni moja na lilitawanywa sehemu nyingi. Waliofyatua na kuendesha gari, wote polisi wa kijeshi wa zamani, walipatikana kwa ushahidi mwingine na kuhukumiwa Oktoba 2024. Funzo la Brazil lina pande mbili: chapa inafanya kazi, na inafanya kazi vizuri kwa kadiri fungu lilivyo dogo na daftari lilivyotunzwa.

Sasa turudi kwenye kalibu. Ganda lililojazwa upya linabeba chapa ya kiwanda cha kwanza, huku fataki, baruti na kichwa vimetoka kwingine na vimeunganishwa na mtu ambaye hakuna chapa inayomtaja. Ganda lililookotwa kwenye uwanja wa mazoezi wa polisi, likajazwa upya na kutumika kumuua mtu, litawaelekeza wapelelezi kwa polisi wasiohusika. Shahidi anageuka kuwa wa uongo. Nchi inayogonga namba kwenye risasi bila kusimamia ujazaji upya inajenga ukuta huku mlango uko wazi, na Wabrazil waliliona hilo. Februari 2021 Rais Jair Bolsonaro alitoa amri kadhaa za kulegeza udhibiti wa silaha, mojawapo ikiziondoa mashine za kujazia risasi katika orodha ya vitu vinavyosimamiwa na jeshi. Aprili mwaka huo Jaji Rosa Weber wa Mahakama Kuu ya Shirikisho alikisimamisha kipengele hicho pamoja na vingine kabla hakijaanza kutumika. Alifanya sawa. Mwenye kutaka namba ya fungu iwe na maana hana budi kujua nani ana uwezo wa kulipa ganda maisha ya pili.

Lipo jambo jingine, na kwangu ndilo lenye nguvu kuliko yote katika suala hili. Kalibu yenyewe huacha alama. Chuma kigumu kikiibana shaba laini hukwaruza, na mikwaruzo hiyo mtaalamu anaweza kuilinganisha na kifaa kilichoifanya. Oktoba 1, 2017, mtu mmoja aliwafyatulia risasi watu waliokuwa kwenye tamasha la muziki jijini Las Vegas, na vifo vilivyotokana na shambulio hilo vimehesabiwa kufikia 60. Katika vyumba vyake vya hoteli zilikutwa pia risasi zilizojazwa upya ambazo hazikuwa zimepigwa. Alama za vidole na mikwaruzo ya vifaa vya kujazia viliziunganisha risasi hizo na mtu mmoja wa Arizona aliyekuwa akitengeneza na kuuza risasi kutoka nyumbani kwake bila leseni. Hakushtakiwa kwa kushiriki mauaji. Alikiri kosa la kutengeneza risasi bila leseni, na mwaka 2020 akahukumiwa kifungo cha miezi 13. Tuyatazame mambo haya mawili pamoja. Ujazaji upya ulioachwa gizani unaipotosha chapa ya ganda. Ujazaji upya ulioandikwa unaongeza shahidi wa pili, kwa kuwa anayechunguza anajua aanzie kwa nani.

Najua nitaambiwa kwamba huku kwetu hakuna anayejaza risasi mezani kwake, kwamba tatizo la Afrika Mashariki ni risasi zinazovuja kutoka kwenye ghala za serikali na zinazovuka mipaka, na kwamba nazungumzia starehe ya Wamarekani. Hoja ya uvujaji naikubali bila kusita. Uchunguzi wa Turkana unaonyesha wazi kwamba uvujaji wa serikali ndio mto mkubwa, na nchi itakayotunga kanuni za kalibu huku ikigawa risasi zisizo na namba ya fungu itakuwa imeanza na dogo na kuliacha kubwa. Lakini hoja hiyo haiishii hapo. Mto mkubwa ukizibwa, wenye bunduki watatafuta kijito. Tanzania inawajua vizuri mafundi wa magobole; mtu anayeweza kutengeneza mtutu na kufuli ya bunduki kwa zana za karakana ya kijijini hatashindwa na kalibu. Kanuni iliyowekwa wakati vifaa hivi ni vichache haina gharama kubwa na haimkwazi mtu. Ikingojewa mpaka viwe vimejaa, kila mwenye navyo atageuka kuwa mpinzani wa sheria.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kama fundi wa kukereza chuma anaweza kuichonga kalibu, kuna faida gani kuiandikia kibali? Ni kweli, kalibu peke yake haitoshi kushikilia udhibiti. Kinachoshikilia ni fataki. Ganda linaokotwa na kalibu inachongwa, lakini fataki za kuaminika ni kazi ya viwanda, na viwanda hivyo ni vichache duniani. Kuanzia mwaka 2020 fataki ziliadimika Marekani kwa muda mrefu, na watu wenye mashine, kalibu na mapipa ya maganda wakakaa bila kujaza chochote. Uingereza ilikuwa imeshalielewa hilo. Sheria yake ya mwaka 2006 ya kupunguza uhalifu wa mabavu inamtaka mnunuzi wa fataki za risasi aonyeshe cheti cha silaha au uthibitisho mwingine kwamba anaruhusiwa kuwa nazo. Kwa hiyo kibali cha kalibu na kibali cha fataki vinafanya kazi pamoja. Fataki inazuia, na kalibu iliyoandikwa inatoa ushahidi. Kuidharau moja kwa sababu haifanyi kazi ya mwenzake si hoja.

Wengine wataniletea mfano wa Marekani yenyewe. Sheria ya mwaka 1968 iliwataka wauza risasi wawe na leseni na daftari la wanunuzi, na mwaka 1986 Bunge la nchi hiyo likayafuta mengi ya masharti hayo, baada ya wasimamizi wenyewe kusema kwamba madaftari hayo hayakuwasaidia kupambana na uhalifu. Nakubali kwamba daftari lisilosomwa ni karatasi tu. Lakini jiji la Los Angeles liliendelea kuwadai wauza risasi kumbukumbu za wanunuzi, na watafiti walipozisoma kumbukumbu za miezi miwili ya mwaka 2004 walikuta kwamba asilimia 2.6 ya wanunuzi walikuwa watu waliokatazwa na sheria kumiliki risasi, na kwamba watu hao walinunua zaidi ya risasi 10,000. Hayo yalikuwa yameandikwa siku zote. Hakukuwa na mtu aliyeyaangalia. Kosa lilikuwa la msomaji, na kosa la msomaji haliponywi kwa kulichoma daftari.

Liko kundi la mwisho ambalo nalijali kwa dhati, nalo ni la watu wema: wapiga shabaha wa michezo na wawindaji wenye vibali. Hao hujaza upya kwa sababu risasi za kiwandani za kaliba adimu ni ghali au hazipatikani, na kwa sababu anayepima baruti yake mwenyewe kwa uangalifu hupata shabaha iliyo sawa kila mara. Tanzania ina uwindaji wa kitalii, na bunduki za wanyama wakubwa zina kaliba ambazo duka la kawaida haliziweki. Kuwapiga marufuku watu hawa ni kuwaadhibu kwa kosa wasilolifanya. Afrika Kusini imetupa njia mbili za kupima. Sheria yake ya mwaka 2000 inamruhusu mwenye leseni ya bunduki kujaza risasi za bunduki hiyo, na kwa mmiliki wa kawaida imeweka kikomo cha risasi 200 kwa kila bunduki na fataki 2,400. Mwaka 2021 serikali ilitoa rasimu ya muswada wa kuwakataza raia kabisa kujaza risasi, nao ukazua upinzani mkubwa. Njia ya mwaka 2000 ndiyo inayofaa kuigwa. Inamwacha mwindaji aendelee na kazi yake, na inamfunga kwenye silaha iliyoandikwa jina lake. Mtu asiye na bunduki ya kaliba fulani hana sababu ya kuwa na kalibu yake.

Sheria za kimataifa hazitatufanyia kazi hii. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha za moto inataja ganda, fataki, baruti na kichwa kuwa sehemu za risasi, lakini inaweka sharti: sehemu hizo zitahesabika ikiwa tu nchi husika yenyewe inazitolea kibali. Nchi isiyozitolea kibali imezitoa nje ya itifaki kwa mkono wake. Mkataba mwingine wa kisiasa, ule wa mwaka 2005 wa kufuatilia silaha ndogo zilikotoka, uliiacha risasi nje moja kwa moja. Mwaka 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha mwongozo wa kusimamia risasi na mabomu tangu yanapotengenezwa hadi yanapoteketezwa, nao ni hatua njema, hasa kwa Tanzania, iliyopitia milipuko ya ghala za Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011. Lakini mwongozo huo ni wa hiari. Tukisubiri Geneva na New York tutasubiri sana.

Kwa hiyo wabunge wa Tanzania, ambao tayari wana Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na wenzao wa Kenya wenye sheria yao ya silaha za moto, ninawaomba waziongezee mambo manne kwa maneno yasiyo na utata. Risasi zote zinazonunuliwa na polisi, jeshi, askari wa wanyamapori na polisi wa akiba zigongwe namba za mafungu madogo, na daftari la kila fungu lijulikane liko kwa nani. Maganda ya viwanja vya mazoezi yahesabiwe, yakusanywe na kuyeyushwa. Fataki zisiuzwe wala kuingizwa nchini bila kibali cha silaha ya kaliba inayohusika. Na mashine za kujazia risasi pamoja na kalibu zake ziandikwe kwenye kibali hicho hicho, zikaguliwe bunduki inapokaguliwa, na zisalimishwe bunduki inaposalimishwa. Mambo haya hayahitaji kiwanda kipya wala mkopo wa nje. Polisi wanaotoa vibali wapo, na vibali vinakaguliwa. Kilichobaki ni mbunge mmoja kusimama na kuyapeleka mezani kama marekebisho ya sheria, na wananchi kumuuliza wa kwao kwa nini bado hajafanya hivyo.